Muulize Bi Kungwi: Hiyo Brokoli Ipige Nyungu

*Bi Kungwi, shikamoo. Daktari amemwambia mume wangu aongeze mboga za kijani. Nikanunua brokoli, nikaichemsha kama ninavyochemsha kisamvu. Imetoka rojorojo, rangi ya gwanda kuukuu, na nyumba nzima inanuka mayai viza. Mume anasema bora ugonjwa. Nisaidie.*
*Mwenye Aibu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuja kwangu, ingawa ungekuja kabla ya kuwasha jiko ungefanya vyema zaidi. Lakini ndivyo mlivyo nyote: fundi mnamkumbuka paa likishavuja.

Kabla sijakujibu, wasomaji wapya wajue wanazungumza na nani. Mimi nimefunda mabinti wa Dar es Salaam tangu kicheni pati haijapewa jina hilo, tulipokaa na mwali ndani siku saba juu ya jamvi, bila MC, bila maiki, bila keki yenye umbo la jiko la gesi. Wanawali niliowatoa wamejaa kutoka Magomeni hadi Mbagala. Walioachika ni wanne tu, na wawili kati yao walikuja baadaye kunishukuru. Nimesugua singo, nimeshika chetezo, nimefukiza udi mpaka majirani wa mtaa wa pili wakaolewa kwa harufu peke yake. Halafu leo unaniuliza kama naweza kufukiza mboga?

Maana hilo ndilo jibu lako, mwanangu. Brokoli haichemshwi, inafukizwa. Au kwa lugha ya mjini tuliyoizoea wote mwaka 2020, inapigwa nyungu. Wewe umemzamisha mwali kwenye pipa la maji ya moto, ukangoja atoke ananukia. Atatokaje ananukia? Kila kilicho kizuri kwake kimebaki kwenye pipa. Vitamini C, kwa mfano, inayeyuka majini. Gramu 100 za brokoli mbichi zina miligramu zipatazo 89 za vitamini hiyo, zaidi ya chungwa la uzito huohuo, na wewe sehemu kubwa umeimwaga kwenye karo. Panya wa Tabata wana afya nzuri mwezi huu.

Mjukuu wangu anasoma kemia chuoni, na tangu aanze masomo haongei tena, anahutubia. Ameisoma barua yako nyuma ya bega langu, akatoa muhadhara. Ati brokoli ikipata joto, hewa iliyojibana katikati ya seli zake inatoka, ndiyo maana dakika za mwanzo inang'aa kijani kama taa ya barabarani. Ukiiacha pale ikakawia, tindikali za mboga yenyewe zinaivamia klorofili na kuipokonya magnesi iliyokaa katikati yake. Hapo ndipo kijani kinageuka gwanda la mgambo mstaafu. Salfa nayo inafunguka, na hayo ndiyo mayai viza unayoyasikia. Ikifika dakika ya saba au ya nane, ati, mambo yameshaharibika. Nikamwambia mimi hayo yote nilikuwa nayajua kabla mama yake hajazaliwa, ila siyaiti hivyo. Mimi nayaita mwali kukaa ndani hadi akachusha.

Ngoja nikueleze pia huyu mwali ni wa ukoo gani, kwa sababu kungwi asiyejua ukoo wa mwali ni mpiga ngoma tu. Brokoli, kabichi, koliflawa na sukuma wiki ni watoto wa baba mmoja. Wataalamu wa mimea wanawahesabu wote kuwa spishi ileile, watu tu ndio waliowachagua mmoja kwa majani, mwingine kwa kichwa, mwingine kwa maua. Ni kama nyumba ya mzee mwenye wake wengi: sura mbalimbali, pua moja. Brokoli ndiye aliyelelewa Italia, na hata jina ni la Kiitaliano. Kile kichwa chake unachokiona ni matumba ya maua yasiyochanua. Kwa hiyo ukienda sokoni ukamkuta ana umanjano, huyo ameshaanza kuchanua, mwache aolewe na mwingine. Chagua kichwa kilichofumbata, kizito, chenye shina lisilopindika kama mpira. Mimi nanunua Kisutu, za kutoka Lushoto, na wauzaji wakiniona wanaficha zile za jana.

Jina hilo la brokoli limenikumbusha marehemu mume wangu wa pili. Alikuwa mtu wa sinema. Usiku mmoja akanipeleka kuona James Bond, na kabla picha haijaanza nikasoma kwenye pazia: Albert R. Broccoli. Nikamuuliza mume wangu, huyu ni mtu au ni mboga? Akaniambia nyamaza, watu wanatazama. Sikunyamaza. Na kumbe nilikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu huyo bwana, mmoja wa watayarishaji wa zile filamu, ukoo wake ulipenda kusimulia kwamba wahenga wao ndio walioieneza mboga hiyo. Sijui mume wangu angesema nini leo. Alikuwa mtu wa kunyamazisha watu, Mungu amrehemu, ndiyo maana hatukudumu.

Na usimlaumu sana mumeo. Hata wakubwa wamekataa. Mwaka 1990 rais wa Marekani, George Bush yule baba, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema hajaipenda brokoli tangu utotoni, mama yake alikuwa akimlazimisha, na sasa yeye ni rais, haili tena. Wakulima wa California wakaona wametukanwa, wakapeleka Washington shehena ya tani 10 hivi. Unaona ujinga huo? Tani 10 za nini kwa mtu ambaye tatizo lake ni sufuria? Wangenipelekea mimi tiketi ya ndege na chungio moja. Nina hakika kama ninavyolijua jina langu kwamba mama wa Bush aliichemsha kama kisamvu. Rais mzima ameharibikiwa kwa kukosa kungwi.

Hapo kwenye chungio ndipo hasa nataka uniangalie usoni. Kuna kungwi mwenzangu, simtaji, anakaa mtaa wa pili, anayewafundisha wasichana kutia magadi kwenye mboga za kijani ili rangi isife. Ni kweli rangi haifi. Lakini mboga inalainika kama uji wa mtoto, na vitamini zinaondoka na magadi yenyewe. Ni sawa na kumpaka mwali poda huku ana homa. Tena huyo huyo anajisifu kwamba alikuwa wa kwanza mtaani kununua chungio la bati lenye miguu. Mimi nitamjibu kwenye kanga. Nimeshaipeleka kuchapishwa, ina vikombe vya buluu pembezoni na maneno haya: WIVU WAKO MVUKE, UTAPANDA UTAPOTEA. Doti mbili zimeshawekewa oda.

Kama chungio huna, usilie. Chukua bakuli la bati, ulifudikize ndani ya sufuria, juu yake uweke sahani ya bati uliyoitoboa matundu kwa msumari. Waganda matoke yao wanayafunga kwenye majani ya mgomba, chini ya chungu wanapanga vikonyo vya mgomba ili chakula kisiguse maji, na hawajamwomba mtu chungio. Sisi wenyewe tukipalia wali makaa juu ya mfuniko, unadhani zile punje zinamalizwa na nini? Mvuke, mwanangu. Umeufuga nyumbani siku zote ukidhani ni mgeni.

Mjukuu amerudi. Ati nimesahau jambo. Ati ukishakata brokoli iache mezani dakika 40 kabla ya kuipika, kwa sababu kisu kinapovunja seli kuna kimeng'enya kinachoanza kutengeneza kitu kiitwacho sulforafani, wanachokisifu wataalamu wa afya, na moto mkali unakiua hicho kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Na kama huna dakika 40, ati nyunyiza unga kidogo wa haradali baada ya kupika, maana haradali ina kimeng'enya hicho hicho. Mimi nikacheka. Nikamwambia dakika 40 ndio muda ninaoutumia kusimulia habari za mume wangu wa tatu, kwa hiyo brokoli zangu siku zote zimekuwa na hiyo sulforafani, bila chuo. Akaniuliza, je, hizo dakika unazihesabu kabla ya kupika au wakati ikiwa jikoni? Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Jambo moja nalisema bila mzaha, kisha tuendelee. Kama mumeo anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, ile warfarin, amwambie daktari kabla ya kuanza kula brokoli kila siku, kwa sababu ina vitamini K nyingi na inagongana na dawa hiyo. Basi.

Sasa dawa ya mume mwenyewe, maana hapo ndipo jina langu lilipojengwa. Siku ya kwanza pika, weka mezani, ufunike kwa kawa, na umkataze asiifunue. Mwanaume aliyekatazwa kitu hafiki saa mbili usiku. Ikishindikana, mpelekee mama mkwe kiasi kwenye bakuli zuri, umwombe akusifie kwa simu, sauti ya juu. Ikishindikana hiyo nayo, kaa kitako mbele yake ule sahani yote peke yako, polepole, ukifumba macho. Mume wangu wa kwanza alikuwa mvuvi, asiyekula jani lolote, alidai majani ni ya mbuzi. Nilimfanyia hilo la tatu kwa bamia. Siku ya nne nilimkuta jikoni usiku na mwiko.

Kuna barua nyingine hapa, fupi. Msomaji wa Njombe anadai alifuata ushauri wangu wa mwaka jana na mboga yake ikatoka ngumu. Dada yangu, tatizo si ushauri, ni mlima. Huko kwenu juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100 za huku pwani, na mvuke wake nao ni wa baridi kidogo. Ongeza dakika moja, moja na nusu. Au hamia Magomeni.

Haya, bajaji imefika nje inapiga honi, leo nina mwali Kinondoni na nimeahidi kufika saa tisa. Mwenye Aibu, sikiliza haraka. Kichwa kimoja cha gramu 400 au 500 kinawatosha watatu au wanne. Kiloweke kichwa chini miguu juu kwenye maji ya chumvi dakika kumi, viwavi watoke wenyewe, halafu suuza. Kata vijitawi, kila kimoja kama ndimu, visizidiane ukubwa. Shina usilitupe, limenye gome, likate vipande vyembamba, ndilo tamu. Maji sentimita mbili au tatu kwenye sufuria, yasiguse chungio. Yachemke KWANZA, ndipo uweke mboga na kufunika. Dakika nne, zikizidi sana tano, na usiondoke pale kwenda kujibu simu. Mfuniko ufungue kwa kuuinamisha upande wa mbali na uso, mvuke unaunguza kuliko maji yenyewe. Ncha ya kisu iingie kwenye shina kwa ubishi kidogo. Ikiingia kama kwenye siagi umechelewa. Epua hapo hapo, toa kwenye sufuria, maana ukiiacha mle itaendelea kuiva yenyewe. Chumvi, kitunguu saumu ulichokikaanga kwa mafuta kidogo, ufuta kama unao. Ndimu ikamuliwe mezani wakati wa kula, si kabla, tindikali inaua rangi.

Anapiga honi tena huyu. Nakuja!

Na kama yule kungwi wa mtaa wa pili anaisoma safu hii: chungio lako sijaliona tangu Idi ya mwaka juzi, na hili lenye miguu mnaloliona kwangu limefanana tu.