Heshima Zote kwa LUBUMB~1

Kusifu kitu kinachofanya kazi ni rahisi, hata mtoto anaweza. Mimi nasifu njia ya kupitisha mafaili kati ya DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya miaka ya 1980, na kompyuta mwenyeji iliyoibeba tumboni. Haki ya kuisifu ninayo. Orodha za mishahara ya wazee wetu waliofanya kazi migodini bado zimelala ndani ya dBASE III, programu ya kutunza orodha ya enzi hizo, na anayeitwa kuziamsha ni mimi.

Kwamba njia hiyo inafundisha subira, sitasema. Kila kitu kibovu husifiwa hivyo.

Fadhila yake kubwa ni haki. DOS, mfumo wa kompyuta hizo za zamani, haikubali jina la faili lenye zaidi ya herufi nane, nukta, na herufi tatu za mkia. Jina likizidi, zinabaki sita za mwanzo, kisha linabandikwa kiwimbi na namba. Sasa hesabu pamoja nami. Lubumbashi, yenye chuo kikuu, uwanja wa ndege na wakubwa wake wote, ina herufi kumi. Ikivuka mlango inakuwa LUBUMB~1. Kisangani ni KISANG~1. Kasumbalesa, pamoja na foleni yake ya malori, ni KASUMB~1. Kinshasa inapenya kwa kujibana, nane kamili. Na Mitwaba? Herufi saba! Mitwaba ambayo mvua hula barabara yake, Mitwaba inayokumbukwa wakati wa kura, inapita nzima, kichwa juu, na nafasi ya herufi moja inabaki. Nionyesheni serikali iliyowahi kuitendea hivyo.

Majimbo nayo yanahukumiwa bila upendeleo. Enzi za Mobutu tuliitwa Shaba, herufi tano, safari laini. Jina la Katanga likarudi, na mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne. Lualaba ikabahatika, sisi tukawa HAUT-K~1, na jirani zetu wa Haut-Lomami HAUT-L~1. Waliochora mipaka hawakuiuliza DOS.

Tena ina msimamo. Weka faili jipya kwenye folda huku DOSBox iko wazi, kisha andika DIR, amri ya kuorodhesha mafaili: halipo. Toka nje utazame: lipo, limekaa palepale. Rudi ndani: halipo. DOSBox iliikariri folda siku ilipoonyeshwa kwa amri ya MOUNT, na haioni sababu ya kutazama upya. Ukibonyeza Ctrl na F4 kwa pamoja, inatazama na kukubali bila kinyongo.

Ukarimu wake pia si wa kusahau. Kompyuta za zamani ziliandika é kwa namba 130 na è kwa namba 138. Windows ikizisoma namba hizo kwa jedwali lake yenyewe, ya kwanza inakuwa alama kama mkato, ya pili inakuwa Š. Basi Mama Thérèse anatoka akiitwa Th‚rŠse, amepewa herufi ya Wacheki bila kuomba viza.

Na kosa hilo, jamani, lina kanuni! 130 ni é leo, ni é kesho, ni é hata umeme ukikatika. Ukilijua mara moja umelimaliza. Jedwali dogo linarudisha majina yote yalivyokuwa. Ndiyo maana siwezi kuvumilia kinachofuata. Mama Thérèse wetu, mjane, anapeleka ofisini karatasi safi iliyotoka kwenye faili la mishahara: jina la marehemu mumewe, namba ya kazi, mwaka wa kuanza. Karani anafungua daftari lililoandikwa kwa kalamu, ambamo mama ameitwa Teresa. Kwa hiyo si yeye. Alete barua yenye muhuri kutoka Mitwaba, alikofanya kazi mzee. Mitwaba! Kwa barabara ileile! Akiileta, muhuri haukuiva vizuri. Ukiiva, fotokopi imepungua moja. Fotokopi zikitimia, mkubwa ametoka, na aliyebaki anatazama mkoba wa mama kuona kama una matabishi, yaani kitu kidogo. "Mama, utarudia juma lijalo."

Mama amesimama mbele yake, na kwenye orodha yake hayupo. Nimemzunguka karani huyo kwa macho, mbele na nyuma, hadi chini ya meza. Ctrl hana. F4 hana.