Mgongo wa Mshikaki

Gulioni Kwamsisi, Handeni, kashuka bwana mmoja na spika, meza na pakiti za unga. "Seli shina hizi! Aliyepooza miguu atatembea!" Unakoroga kwenye maji ya uvuguvugu, unakunywa, uti wa mgongo unajiunga wenyewe. Wajapani, masikini, habari hii haikuwafikia. Mwaka 2018 walipoidhinisha tiba ya seli shina kwa uti wa mgongo, tena kwa masharti, walimchota mgonjwa uloto, wakakuza seli maabara, ndipo wakamrudishia kwenye mshipa. Na bado wataalamu wenzao wakanung'unika kwamba ushahidi haujatosha. Si wangekuja Handeni na kijiko tu!

Hata Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, iliyoanza kupandikiza uloto mwaka 2023, ilianza na watoto wenye selimundu. Uti wa mgongo ni kesi nyingine.

Huku kwetu tuna utaratibu wetu. Kijana akianguka kutoka mwembeni, mmoja anamvuta mikono, mwingine anamkalisha "apate hewa". Kisha mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, mjomba nyuma kamkumbatia kiuno, shingo inacheza kwa kila shimo. Mfupa uliopasuka mwembeni unafika zahanati umeshasaga neva njia nzima. Halafu ukoo unachangishana kununua pakiti.

Mjomba, siku nyingine mtu akianguka, usimkalishe. Shika kichwa kisitikisike, ita watu wanne, ng'oa mlango wa jikoni, mlazeni juu yake.