Mjomba, Maneno Uliyoagiza Haya Hapa

Leicester, Uingereza



Wenzako huagiza simu, viatu na saa. Wewe umeagiza maneno. Katika ujumbe wako wa sauti umesema unataka kimombo kigumu, kile ambacho hata mwalimu mkuu hana, ili umzime yule mzee wa kijiwe cha kahawa hapo Temeke Wailes ambaye siku hizi hanywi kahawa na kashata yake mpaka aseme "nevertheless". Nimekubali haraka. Maneno hayalipiwi ushuru bandarini, wala hayapimwi kilo uwanja wa ndege.

Tuanze na mji wenyewe. Umeandikwa Leicester, wenyewe wanatamka "Lesta". Herufi zilizobaki zinalipwa mshahara bila kazi. Jirani zetu wako Loughborough, na hao ni "Lafbra". Kuna kasri moja huku linaitwa Belvoir, na ukilisoma ulivyofundishwa shuleni watu watakutazama kwa huruma, maana ni "Biva". Sisi tuliokulia kwenye lugha ambayo Mbagala ni Mbagala, asubuhi mpaka jioni, tunapata tabu sana na watu wanaoandika hiki na kusema kile.

La pili, huku kila mtu ni bata. Usishtuke. Dereva wa basi, muuza mkate, bibi wa posta, wote watakuita "me duck", yaani bata wangu, na hiyo ndiyo heshima na mapenzi ya watu wa mikoa hii ya kati. Mwanaume mwenye ndevu, chale za wino mpaka shingoni, anamwita mwanaume mwenzake bata wangu na hakuna anayecheka. Waambie vijana wa Kinondoni Mkwajuni: wao wanakula bata, sisi tunaitwa bata, na anayeliwa wanamjua.

Pale godauni tunapobeba maboksi usiku kuna mama mmoja wa Kiingereza, mtu wa hapa hapa, ambaye ndiye shule yangu. Uchochoro kwake ni "jitty". Mkate mdogo wa duara ni "cob". Mtu aliyenuna bila sababu ni "mardy", na msimamizi wetu wa zamu ameitwa hivyo tangu nimjue. Ukimaliza kupakua kontena unasema "knackered", neno lililotoka kwa yule mtu ambaye kazi yake ilikuwa kununua farasi waliochakaa na kuwachinja. Kwa hiyo Mwingereza akikwambia amechoka, anakwambia kwamba amefika hatua ya kupelekwa machinjioni. Mimi nilidhani sisi ndio tunatia chumvi.

Fedha nazo zina majina yake. Sisi tuna jero, buku na msimbazi. Hawa, hasa wa London, pauni 25 wanaziita "pony", farasi mdogo, na pauni 500 ni "monkey", tumbili. Yule mzee wako akianza kutamba, muulize kama amewahi kukopeshwa tumbili.

Sasa mzigo mzito. Chukua kalamu: "floccinaucinihilipilification". Herufi 29, nimezihesabu kwa kidole. Ukilitazama katikati ni kama pilipili imeangukia ndani. Lilisukwa kwa Kilatini karne ya 18 kwa mzaha, na maana yake ni kukiona kitu si lolote si chochote. Yaani limetumika neno refu kuliko foleni ya Buguruni kusema kwamba jambo halina maana! Lihifadhi mpaka Ijumaa kijiwe kikijaa. Lifanyie mazoezi chooni kwanza, kwa sababu ukikwama njiani hakuna pa kushukia.

Kuna mengine mafupi ambayo mimi nayapenda zaidi. "Serendipity" ni bahati ya kukuta usichokitafuta: umekwenda Tandika kununua sufuria, umerudi na koti la mtumba lenye noti ya dola mfukoni. Lilibuniwa na Horace Walpole katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, akilitoa kwenye hadithi ya wana wa mfalme wa Serendip. Na Serendip ni Sarandibu, jina ambalo Waarabu walikipa kisiwa cha Sri Lanka, bahari yetu hii hii ya majahazi. "Petrichor" nayo ni ile harufu ya ardhi kavu inapopata mvua ya kwanza. Isabel Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, ndio walioipa jina mwaka 1964. Kwa wale wa bondeni Msimbazi najua mvua ya kwanza inanuka vingine, lakini hiyo haijapewa jina bado.

Hapo ndipo nilipoanza kunusa undugu. Wao wana "monsoon", sisi tuna msimu. Wao wana "zero", sisi sifuri. Wana "magazine", sisi hazina. Wana "tariff", sisi taarifa. Yote yametoka tumbo moja, Kiarabu, ila wenzetu waliyapitishia Ureno, Hispania, Italia na Ufaransa yakabadilika sura, na sisi tuliyapokea pwani yakiwa bado na vumbi la safari. Na hiyo "safari" nayo wanayo. Wameichukua kwetu nzima nzima.

Barabara ya Belgrave hapa mjini imejaa maduka ya Wagujarati, na wengi wa wazee wao ni wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya mji ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja. Wakaja na kitu kinaitwa "mogo". Ukikaa hotelini kwao unakuta "mogo chips" kwenye orodha ya vyakula, unaagiza, unaletewa mhogo wa kukaanga na pilipili na limau! Bei yake siitaji. Shangazi anayekaanga mihogo hapo Tandika asije akafunga banda leo akaenda kupanga foleni ya viza.

Na kamusi yao kubwa ya Oxford, ambayo ilianza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kumalizika 1928, mhariri wake James Murray akiwa ameshafariki, mwaka 2022 ilipokea maneno ya Afrika Mashariki. Kuna nyama choma. Kuna sambaza. Kuna "kitu kidogo", Mjomba, na maana yake imeelezwa kwa adabu kabisa. Limevuka mipaka yote mpaka Oxford. Sijui liliacha nini pale dirishani. Wamakonde wa Mbagala nao wasikae kinyonge. "Chikungunya", wanayoitaja madaktari wa dunia nzima, ni Kimakonde, ni ule ugonjwa wa kumkunja mtu uliozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Lakini nimekuja kugundua, usiku nikipanga maboksi, kwamba maneno ya Kiingereza yenye maajabu kuliko yote hayako huku. Yako huko. Wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa vita vya kwanza vya dunia waliitwa "Carrier Corps", wakafa maelfu kwa maelfu njiani na mizigo kichwani, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo Kariakoo. Nilimwandikia yule mama wa godauni neno Kariakoo kwenye boksi, nikamwambia hiki ni Kiingereza. Alilizungusha mdomoni mpaka mapumziko yakaisha. "Quarters" imekuwa Magomeni Kota. "Dump" imekuwa Tabata Dampo. Kibao cha "Keep Left" kimezaa kipilefti, na mzunguko wa magari haukupata jina zuri zaidi ya hilo popote. Hawa wanauita "roundabout", yaani zunguka-zunguka. Hakuna juhudi hapo.

Kwa hiyo ukitaka kummaliza yule mzee, hizo herufi 29 ziweke akiba. Muulize kwanza Wailes ni nini. Akikaa kimya, mwambie ni "wireless", simu ya upepo ya wakoloni, na kwamba amezaliwa, ameoa na amezeeka ndani ya neno la Kiingereza asilolijua.

Msalimie Shangazi na wote wa Wailes. Pesa ya mabati nilimtumia yeye Jumamosi. Kwa nini haijakufikia, muulize kwa upole.

Wasalaam,
Mpwa wako