Ombi la Kuwazuia Wanaoacha Petroli

Kwa Waziri wa Fedha,
Jengo la Hazina, Harambee Avenue,
Nairobi.

KUH: RAIA WANAOHAMIA UMEME BILA KUWAAGA WADAI WETU

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kuwashtaki kwako Wakenya fulani, wachache bado lakini wanaongezeka, ambao wameanza kuendesha magari na pikipiki zisizokunywa mafuta. Tarehe 14 ya kila mwezi, bei mpya za petroli zinapotangazwa na nchi nzima inaposhika kichwa, wao wanaendelea na chai yao. Ningeliona hilo kuwa utovu wa adabu tu kama si hatua uliyochukua mwaka 2025. Kila lita ya mafuta inatozwa shilingi 25 za kutunza barabara, nawe ukazitoa shilingi 7 kati ya hizo kuwa dhamana, ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai kwa miaka. Yaani petroli ambayo meli yake haijatia nanga Kipevu tayari ina mwenyewe, na huyo mwenyewe anatarajia tuichome yote, tena kwa wakati. Wahenga walituambia dawa ya deni ni kulipa. Hazina imevumbua dawa nyingine: kukanyaga mafuta.

Sasa tazama hasara wanayokutia hawa wasaliti. Teksi inayochoma lita 10 kwa siku inachangia shilingi 250 za barabara, na 70 kati yake ni za mdai. Dereva akinunua gari la umeme, zote zinatoweka siku hiyohiyo, pamoja na ushuru wa bidhaa na ile VAT ambayo Julai 2023 ilipandishwa kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Cha kushangaza ni kwamba wanaomchochea dereva huyo wamo serikalini humohumo. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2020 uliweka lengo la asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa kuwa ya umeme kufikia 2025. Septemba 2023 Rais mwenyewe alizindua bodaboda za umeme Mombasa. Wizara moja inahubiri tuache petroli, nyingine imekopa kwa ahadi kwamba hatutaacha. Siwezi kuzilaumu zote mbili kwa uwongo, ila najua moja tu kati ya kauli hizo ndiyo iliyotiwa sahihi kwenye mkataba.

Utanijibu kwamba Serikali imewapendelea mno wenye magari haya. Ni kweli imewapunguzia kodi kadhaa, na mwaka 2023 ilianzisha bei maalumu ya kuchaji: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku watu wanapolala. Ni fadhila, na ninaitambua. Lakini Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kwa kuwa gari la umeme huuzwa ghali kuliko mwenzake wa petroli wa umri uleule, mwenye umeme angetozwa zaidi kwa kosa la kutii sera ya nchi. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024 kwa sababu ya kelele za wananchi, si kwa sababu mtu Hazina aliona haya. Anayetaka kununua gari la kukaa nalo miaka kumi hapimi punguzo la leo peke yake. Anapima pia kama mkono uliotoa utarudi kuchukua.

Wapo watakaosema nimekosea adui, kwamba kinachokwamisha magari haya ni stima. Mwaka 2023 pekee giza liliifunika karibu nchi nzima Agosti, Novemba na Desemba, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukapapasa gizani. Hoja hii ina uzito, lakini inaelekea kwingine. Umeme wetu hupungua jioni, kila nyumba inapopika na kuwasha taa. Kuanzia saa nne usiku mahitaji hushuka, na kule Olkaria mvuke wa ardhini huachwa uende hewani kwa kukosa mteja. Gari linalochajiwa usiku ndilo mteja huyo. Mvuke wa Olkaria hauletwi na meli kutoka Ghuba, wala hauhitaji mkopo wa siku 180 kama ule tuliouomba kwa Aramco na wenzake mwaka 2023. Tatizo halisi la stima ni dogo na la aibu zaidi: mpangaji wa orofa ya nne mtaani Pipeline, Nairobi, hana pa kuegesha, sembuse soketi, na mita ni ya landilodi. Mwenye bodaboda angalau hubadilishiwa betri kituoni akaondoka. Mwenye gari dogo hana njia hiyo, na akinunua mtumba wa miaka saba kutoka Japani hana hata karatasi ya kumwambia betri yake imebakiwa na nguvu kiasi gani. Injini ya umri huo bado ina maisha; betri huenda ilishayatumia mengi kabla ya kupanda meli.

Hoja nzito kuliko zote ni yako mwenyewe, Mheshimiwa: barabara hazijengwi kwa dua. Gari la umeme linazitumia kama mengine, tena betri hulifanya liwe zito zaidi. Nakubali alipe. Ila pampu ni karani mbovu wa kukusanya malipo hayo. Kinachopasua lami ni uzito kwenye ekseli, na madhara yake hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe. Ndiyo maana lori moja lililojaa huharibu kuliko maelfu ya magari madogo. Hata hivyo mwenye bodaboda ya petroli, ambaye pikipiki yake haiachi alama yoyote barabarani, hutozwa shilingi 25 zilezile kwa lita. Tozo ya kilomita na uzito ingemgusa kila mtu kwa kadiri ya uharibifu wake, awe anachoma dizeli au anachaji. Itakuwa na kero zake: mita za kuchezewa, maafisa wa kuhongwa, wenye malori watakaopiga mayowe hadi Bungeni. Lakini isingeilazimu Serikali kuomba kimoyomoyo kwamba sera yake yenyewe ifeli.

Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Chapisha idadi ya lita tunazopaswa kuchoma kila mwaka ili deni hilo lilipike, na mwaka ambao zile shilingi 7 zitaachiliwa. Kisha tutangazie, kabla ya Mswada wa Fedha ujao, mwenye gari la umeme atalipa nini kwa kilomita na kuanzia lini. Kama hesabu hiyo haipo, basi futa sera ya magari ya umeme na utuambie wazi tuendelee kujaza tangi.

Wako mtiifu,
Mlipa tozo