Kibweta cha Mama Mkwe na Pesa za Uzeeni

Ndugu yangu, kama nawe unaishi chini ya paa moja na mama mkwe, shemeji na watoto watatu, huku posta ya Marekani ikimwaga bahasha mlangoni kila siku isipokuwa Jumapili, sogea karibu. Wewe ni mwenzangu.

Sisi tuko Houston, ila nyumba yenyewe ni ya Tanga. Mama mkwe wangu alikuja na kibweta cha mbao chenye misumari ya shaba, alichoachiwa na mama yake. Humo mna pasipoti zetu, vyeti vya kuzaliwa, udi, doti mbili za kanga ambazo hazijakatwa, na kila karatasi yenye tarakimu iliyowahi kuingia nyumbani. Kwake karatasi ya namna hiyo hailali mezani kwenye mchuzi na watoto. Tunamwita Bi Kibweta, na jina amelipenda. Kaka wa mke wangu tunamwita Shemeji Najua, kwa sababu hujamaliza swali yeye keshasema najua. Binti yetu wa kwanza, Zuhura, miaka kumi na minne, ndiye Karani: barua zote za Kiingereza anazisoma yeye kwa sauti, sisi tukiwa tumekaa kama mkutano wa kijiji.

Januari 2023 gari langu liligoma. Shemeji akaweka sikio kwenye boneti, akatamka: giaboksi imekufa. Tutapata wapi pesa? Najua, akasema, una 401(k) ya kule ghalani ulikoacha kazi, chukua, ni zako.

Ni zangu kweli. 401(k) imepewa jina la kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1978. Mwajiri anakukata kwenye mshahara kabla ya kodi, pesa zinawekezwa, na serikali inasubiri uzeeke ndipo idai fungu lake. Nikaomba dola 5,000. Hundi iliyokuja ilikuwa ya 4,000. Tukaigeuza mbele na nyuma. Karani akasoma barua: asilimia 20 imekatwa kama kodi ya serikali kuu, ndivyo sheria inavyotaka pesa za mfuko wa kazini zikipitia mkononi mwako.

Kesho yake fundi, Mkenya mmoja mtulivu wa mtaa wa pili, akalifungua gari na kusema giaboksi ni nzima, kilichokufa ni sensa. Dola 300, nikalipa kwa mshahara. Shemeji akasema alijua.

Sasa nina hundi ambayo siihitaji tena. Ukizila pesa hizo kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, bila sababu mojawapo wanayoikubali, unalipa kodi ya kawaida, kisha unaongezewa asilimia 10. Kwa elfu tano, nyongeza hiyo peke yake ni dola 500, chakula cha watoto cha wiki kadhaa. Lakini mlango mmoja umeachwa wazi: ukiziweka kwenye akaunti nyingine ya kustaafu ndani ya siku 60 tangu uzipokee, inahesabika umezihamisha, hukuzila. Waswahili wa hapa tunaita rolova. Ila zirudi 5,000 zote, si 4,000 nilizoshika. Ile elfu moja iliyokatwa niitafute mwenyewe, maana ikikosekana, hiyo ndiyo itakayotozwa.

Nilimweleza mke wangu usiku, taa imezimwa. Hakusema neno. Asubuhi alinipa bahasha. Ilikuwa zamu yake kupokea mchezo wa akina mama, na pesa zile alikuwa amezipangia makochi. Yale tuliyonayo yameingia shimo katikati, ukikaa unakutana na sakafu. Nimemwoa mwanamke wa namna hiyo, na sijui nimlipe nini.

Siku 60 nani azihesabu? Shemeji alihesabu miezi miwili, Karani alitumia simu. Bi Kibweta akasema hundi iliingia Rajabu inaandama. Rajabu na Shaabani ndiyo miezi yenu miwili, pesa zirudi kabla hatujaanza kufunga. Mwaka ule Ramadhani kwetu ilianza 23 Machi. Nimekaa na kalenda nikahakiki: siku 59. Mama wa watu alikuwa ametuachia na siku moja ya akiba. Tuliziweka kwenye IRA, ile akaunti ya kustaafu anayoifungua mtu mwenyewe, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Ungedhani yameisha. Machi hiyohiyo mke wangu alikuwa amehama kazi kutoka nyumba moja ya kutunzia wazee kwenda nyingine, akaacha nyuma 401(k) ya dola 18,400. Yeye alifanya inavyotakiwa: aliomba zihamishwe moja kwa moja. Kwa njia hiyo hakuna asilimia 20 inayokatwa, na hundi inaandikwa kwa jina la kampuni mpya, kwa manufaa yake. Hundi haikuonekana. Tulipekua masanduku, mifuko ya shule, mpaka pipa la mchele. Mke wangu alipiga simu, akaambiwa ilitumwa siku nyingi.

Siku ya Idi, 21 Aprili, Bi Kibweta alifungua kibweta kutoa udi. Hundi ile hapo, imelala juu ya kanga.

“Mama!” mke wangu akalia.

“Jina la mbele si lako, mwanangu. Nikajua wamekosea mlango. Nikamhifadhia mwenyewe, akija aikute.”

Nani amlaumu? Jina la mbele kweli halikuwa la mwanawe. Tuliipeleka siku ya kwanza ya kazi.

Januari 2024 zikaja fomu mbili za 1099-R, za kueleza pesa zilizotoka kwenye mifuko yetu ya kazini, na safari hii Bi Kibweta alizikabidhi kwa Karani mkono kwa mkono. Tulikaa nazo mpaka Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, vikombe vya kahawa mezani. Shemeji akasema ya dada yake tusiiandike, haina kodi. Yangu tuiandike kama ilivyo, imesema 5,000 zinatozwa. Hapo kwa mara ya kwanza nilimnyanyulia sauti shemeji yangu. Alikosea kotekote, na makosa hayo nimeona yakiwatia hofu watu wazima. Nakala ya fomu ile anayo mkusanya kodi pia. Usipoiandika, atakuandikia kuuliza iko wapi. Ya mke wangu, kisanduku cha 7 kina herufi G, yaani zimehamishwa moja kwa moja. Yangu ina namba 1, yaani zimetolewa mapema, kwa sababu aliyezitoa hajui mimi nilizipeleka wapi baadaye. Ni juu yangu kusema.

Karani akaandika polepole. Mstari wa 5a wa fomu ya 1040, yaani ritani yenyewe ya kodi, jumla ya vyote viwili: 23,400. Mstari wa 5b, kiasi kinachotozwa: sifuri. Kando yake, neno Rollover. Kisha ile elfu moja iliyokatwa ikaingia mstari wa 25b, kama kodi ambayo tumeshalipa. Mke wangu aliangalia ile tarakimu kama mtu aliyemwona nduguye kituo cha basi. Idi ilikuwa 10 Aprili, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ni tarehe 15. Tulipeleka katikati. Mwishoni mwa Mei IRA yangu nayo ikaleta fomu 5498 yenye zile 5,000, ushahidi kwamba zilifika.

Bi Kibweta hakukubali namba yetu ya benki iandikwe popote, kwa hiyo marejesho ya kodi tuliomba yaje kwa hundi. Leo mchana simu ya posta imelia: imeshafikishwa. Mke wangu yuko duka la makochi, ananipigia kila baada ya dakika tano. Sandukuni hamna kitu. Mama amelala, kibweta kiko chini ya kitanda, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga aliyojifunika. Nimekaa mlangoni kwake na Karani, tunasubiri adhana ya alasiri imwamshe.