Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Majivuno wa Kusadikika

Mheshimiwa Majivuno,
Baraza la Mfalme,
Kusadikika,
ANGANI.

Yah: PONGEZI, USHAURI KIDOGO NA OMBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni jirani yako wa chini. Shaaban Robert, aliyeitangaza nchi yako mwaka 1951, alitueleza kwamba Kusadikika iko angani, pande nne imezungukwa na pepo, juu imepakana na Mbingu na chini imepakana na Ardhi. Hiyo Ardhi ndiyo kwetu. Mkifagia baraza huko juu, vumbi linatuangukia sisi, ila sikuandika kwa ajili ya vumbi.

Nimeandika kwa sababu naona watu wa huku hawakutendei haki. Kila ukitajwa, unatajwa kwa ubaya. Wanasema serikali gani hii, inachagua watu wake wenye akili, inawatuma nchi za watu wakajifunze mambo ya kuifaa nchi, nao wakirudi inawatia ndani. Wanakuona mjinga. Mimi nimekaa nikalitazama jambo hili kwa utulivu, na nimeridhika kwamba hukuwa mjinga hata kidogo.

Tazama mtiririko wenyewe. Buruhani alikwenda Mashariki, akarudi, akafungwa. Akaenda mwingine Kaskazini, wengine Kusini na Magharibi, wote wakarudi, wote wakafungwa. Serikali ya kawaida ingeishia hapo. Ninyi mkamtuma Ridhaa Mbinguni. Mtu anafika Mbinguni, mahali ambapo wengine tunapaombea maisha yetu yote na tukifika haturudi ng'o. Yeye akiwa huko anakumbuka kwamba wakubwa wanasubiri taarifa, anafunga virago, anashuka. Mkamfunga. Halafu, na hapa ndipo nilipokuvulia kofia, mkampata wa sita. Amini akakubali kuja huku kwetu Ardhini, huku akijua wenzake watano wako wapi. Kufunga mjumbe mmoja ni bahati mbaya. Kufunga sita ni sera, na ni sera inayofanya kazi: nchi inajulikana kuwa inatafuta maarifa, maarifa yanapatikana kweli, na hakuna raia hata mmoja anayeyasikia.

Nasi tuliojifunza kwako hatujakuangusha. Tumeiboresha. Huku siku hizi mjumbe hafungwi, Mheshimiwa. Kifungo kina gharama, na mfungwa ana ndugu. Huku tunaunda tume.

Ngoja nikueleze inavyokuwa, maana najua mnapenda kujifunza kutoka nchi jirani. Likitokea jambo la kuwaudhi watu, jengo limeanguka, au fedha zimekwenda zisikojulikana, siku ya pili inatangazwa tume. Inapewa mwenyekiti mwenye mvi, jaji mstaafu akipatikana. Inapewa gari, dereva na posho. Inazunguka mikoani, inakaa kwenye kumbi zenye viti vya plastiki, inasikiliza wananchi wakilia, na wananchi wanajisikia vizuri kwa kusikilizwa na watu wa heshima namna ile. Muda ukiisha, unaongezwa. Siku ya kukabidhi ripoti ndiyo siku yenyewe. Meza imefunikwa kitambaa hadi chini, maji ya chupa yamepangwa mstari, ua la plastiki limesimama katikati. Ripoti ni juzuu tatu, gamba gumu, maandishi ya dhahabu. Mwenyekiti anaiinua kwa mikono miwili, mkubwa anaipokea kwa mikono miwili, wanabaki wameishikilia wote mpaka mpigapicha aseme basi. Mkubwa anashukuru. Anasema itafanyiwa kazi.

Baada ya hapo, ukiiulizia, unaelekezwa masjala. Niliwahi kwenda masjala ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Mama mmoja mpole, shali mabegani kwa baridi ya kiyoyozi, alinitafutia kwa moyo kweli: akafungua daftari la majalada, akashuka na kidole, akasimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Akaniambia faili limetoka, liko mezani kwa bosi. Bosi yupi? Aliyehamishwa. Sikuweza kumlaumu mtu, na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Wewe ulikuwa na gereza lenye kuta na mlinzi, watu wanalipita, wananong'ona nani yumo. Sisi ripoti imefungwa na hakuna aliyeifunga.

Sasa nije kwenye ushauri, ukiniwia radhi.

Kosa lako kubwa lilikuwa Karama. Simaanishi kumshtaki. Hapo ulikuwa sahihi: kijana anafundisha watu sheria! Mwizi haitishi serikali, maana mwizi anaivunja sheria akijua ni yenu, na akiona askari anakimbia. Anayeisoma hakimbii. Anasimama na kuuliza kifungu gani. Kwa hiyo kumburuza Karama mbele ya Mfalme ni jambo ambalo waziri yeyote makini angelifanya. Ulipoharibu ni pale ulipoacha apewe nafasi ya kujitetea. Siku sita! Mshtakiwa anasimama mbele ya Mfalme na umati, na kila siku anaeleza habari za mjumbe mwingine mliyemfunga. Kazi ambayo gereza lako liliifanya miaka yote, ameifumua siku sita tu, tena kwa ruhusa ya baraza. Matokeo unayajua: yeye akaachiwa na wajumbe wakafunguliwa. Pole sana.

Huku lisingetokea. Kuna maneno mawili tu, ambayo nakupa bure kama jirani: upelelezi haujakamilika. Mshtakiwa anashuka kwenye karandinga, anaingia mahakamani, anapungia ndugu zake mkono, maneno mawili yanasomwa, kesi inaahirishwa siku kumi na nne, anarudi rumande. Baada ya siku kumi na nne anarudi, yanasomwa yale yale. Wiki za mwanzo ndugu wanajaa hadi nje. Baadaye wanakuja wachache, maana nauli inauma. Mwishoni anakuja mama yake peke yake. Hajakatazwa mtu kusema hata neno moja. Ila zamu yake ya kusema haijafika. Karama angekuwa nasi, angekuwa bado anasubiri kusimulia habari za Buruhani.

Na hilo la kuwakataza watu wasifundishwe sheria nalo lilikuwa jasho la bure. Sisi sheria tuliziandika kwa Kiingereza. Mwananchi wa kijijini anaambiwa kutojua sheria si utetezi, na ni kweli, hakuna aliyemzuia kuijua. Angekwenda tu kununua kitabu, akakisoma. Utaratibu huo tuliachiwa na Waingereza tukautunza kama mboni ya jicho, mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge la Tanzania likapitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka sitini tangu Uhuru wa 1961. Kuzitafsiri zote ni kazi kubwa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwa sasa.

Wapo wanaosema wewe ni hadithi tu, na kwamba aliyekutunga alikuwa akiwasema wengine. Sijui kwa nini wanadhani hivyo. Mtu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika, analipwa mshahara na wenye nchi, angewezaje kuwasema? Aliandika habari za nchi ya angani, Waingereza wenyewe wakakichapisha kitabu chake, na nishani ya MBE wakampa. Kama walijiona humo, basi walivumilia kama waungwana.

Ila mwaka ule ule wa 1951 lilitokea jambo huku chini ambalo ungelipenda, maana linathibitisha kwamba sera yako ilikuwa na msingi. Mwezi Novemba serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, watu kama 3,000, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru hawakusubiri Mfalme awateulie mjumbe. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Unaona? Mjumbe na sheria, safari moja. Huko akasikilizwa, akaonewa huruma, na ardhi haikurudishwa. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda vizuri.

Lakini aliporudi, Gavana Twining hakumfunga. Kirilo akawa anazunguka nchini akisimulia aliyoyaona na aliyojibiwa, na watu wa mbali, ambao hata Meru hawajawahi kufika, wakaanza kuulizana maswali. Haikupita miaka miwili, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU. Sisemi Kirilo peke yake ndiye aliyeleta yote hayo. Nasema tu kwamba wewe, Mheshimiwa, mjumbe kama yule usingemwacha afike hata nyumbani kwake.

Kuna habari nyingine nzuri ambayo pengine haijakufikia huko juu. Umesomwa sana shuleni. Wanafunzi wa sekondari wamekukariri kwa vizazi, wamekuchambua fani na maudhui, wamejaza karatasi za mtihani kuhusu kiburi chako na hila zako, kwa mifano na kwa hoja, na wakapata alama nzuri. Ndio hao hao waliokuja kuwa maofisa wilaya, mahakimu, wakurugenzi na mawaziri. Wengi wao wanaweza hata leo kukueleza kosa la Karama lilikuwa nini na kwa nini halikuwa kosa. Mimi mwenyewe nimemsikia mkubwa mmoja akiyasema hayo kwenye kongamano la lugha, kwa Kiswahili cha kupendeza mno, ukumbi ukampigia makofi. Nje walikuwapo wazee wa kijiji kimoja waliokuja kumwona kuhusu mashamba yao, wakaambiwa waandike barua, waipitishe kwa mtendaji wa kata.

Sasa ombi.

Amini alipokuja Ardhini alitutazama kwa macho ya mgeni, na alipewa kazi ya kutazama vizuri. Alichokiandika kimo ofisini kwenu. Wewe ni mtu wa kutunza, sina shaka. Mtu hafungi mjumbe halafu akatupa taarifa. Naomba unitumie nakala. Siiombi kwa ajili ya kuwaaibisha. Hizi zetu tulizoandikiwa na tume zetu, kuhusu mashamba yetu, majengo yetu na watoto wetu, tumezifuatilia mpaka viatu vimeisha soli, na ninaanza kuamini kwamba njia ya mkato ni kuomba yenu. Kama kurasa nyingine ni za siri, ziwekeni wino mweusi, tumezoea. Kama yote ni siri, basi nitumieni gamba, nione kichwa cha habari.

Gharama za posta nitazilipa mimi. Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Jirani wa chini.

Nakala:
Mfalme wa Kusadikika, kwa taarifa.
Ndugu Karama, kama bado anafundisha.
Masjala, kwa hatua zake za kawaida.