Mheshimiwa Shimo, Hakimu wa Njia ya Beni

Nchi hii imesifu wengi wasiostahili, tena kwa ngoma, kwa mabango, na kwa vitenge vyenye sura zao makalioni mwa mama zetu. Basi msinione wa ajabu nikimsifu mtumishi mmoja wa umma ambaye hajawahi kugoma, hajawahi kudai malimbikizo ya mshahara, wala kuomba uhamisho wa Kinshasa. Usiku yuko kazini. Mvua inanyesha, yuko kazini. Sikukuu ya uhuru, 30 Juni, wakubwa wakiwa jukwaani chini ya hema, yeye yuko kazini juani. Namsifu Shimo la barabarani, hasa wale wa ukoo wake waliokaa kati ya Butembo na Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kilomita 54 ambazo zamani zilikuwa zinakula nusu ya asubuhi.

Nasaba yake ni ya kujivunia. Mama yake ni mvua, ambayo huku kwetu karibu na ikweta ina misimu miwili ya kujifungua kila mwaka. Baba yake ni Fuso lililopakiwa magunia ya kakao hadi resori zikanyooka, kisha wakapandishwa abiria juu ya magunia, na mbuzi juu ya abiria. Babu yake anakaa ofisini, na kwa kuwa hajawahi kushuka kuwaona wajukuu, sina la kumsifia. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuunda FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, unaolishwa na tozo za mafuta na peaje, ushuru wa kupita njiani. Shimo alikuwepo kabla ya mfuko huo na baada yake hakukonda. Walezi wake ni vijana wenye mabeleshi, ambao asubuhi wanamjaza udongo mbele ya gari lako, wanapokea faranga zao, na jioni, wanasema wenye midomo, wanauzoa udongo uleule.

Sasa tazama kazi yake. Shoferi anatoka Butembo, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,700, na njia inamteremsha kuelekea Beni. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unatafuta redio. Gari lake limepita Mombasa na Kampala kabla ya kuingilia Kasindi, kwa hiyo usukani uko kulia, na sisi Wakongo tunaendesha kulia; akitaka kulipita lori, inambidi amuulize abiria wa mbele kama kuna kitu kinakuja. Abiria wa mbele ni mama wa vitunguu, naye amefumba macho tangu mjini, anasali. Nyuma wanapiga kelele: "Shoferi, uko unatuua!" Shoferi anaongeza sauti ya redio. Hapo ndipo Mheshimiwa anapofungua kikao.

Hakuna karani wa kuita majina. Hakuna "kesi imeahirishwa, rudi Jumanne ijayo na mwanasheria wako." Mashtaka, ushahidi, hukumu na adhabu, vyote vinakwisha kabla mama wa vitunguu hajasema amina. Ukipita kwa kilomita ishirini kwa saa, unaachiwa kwa onyo. Ukipita kwa themanini, unalipishwa faini: janti, amortiseri, na vile vyuma vingine ambavyo fundi wa garaji atakuapia kwamba vilikuwa vinakufa tangu zamani. Wala adhabu haikadiriwi kwa macho. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne, na Shimo hajawahi kukosea hesabu hiyo. Ukirudia kosa, gari linalala garajini wiki kadhaa likingoja pyesi kutoka Kampala, na huko, ndugu zangu, ndiko kufungiwa kuendesha. Permi yako iko mfukoni, hakuna aliyeigusa, lakini unakwenda sokoni kwa miguu.

Mlinganishe na Waingereza, wanaosifika kwa sheria. Kwenye barabara zao kubwa mwisho ni maili 70 kwa saa, kama kilomita 112. Ukizidisha, kamera inakupiga picha, barua inakuja nyumbani, pointi zinaandikwa kwenye leseni yako. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, unasimama mbele ya hakimu, na kwa kawaida unafungiwa kuendesha si chini ya miezi 6. Hapo ndipo watu wanaanza kulia: nitafukuzwa kazi, mama yangu mgonjwa hana mwingine wa kumpeleka hospitali. Na hakimu anaruhusiwa kuwahurumia. Mwanzoni mwa 2018 David Beckham, yule wa mpira, alinaswa London akienda maili 59 mahali pa maili 40. Mwendo wenyewe hakuukana. Lakini sheria yao inataka barua ya onyo imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, na hakimu wa Wimbledon akaona kwamba barua hiyo ilichelewa siku moja. Beckham akaenda zake. (Mungu si Athumani: mwishoni mwa mwaka uleule walimpata na simu mkononi huku anaendesha, na mwaka uliofuata wakamfungia miezi 6.)

Jaribuni sheria ya siku 14 huku Butembo! Barua itapelekwa wapi? Kwenye nyumba ya bati jekundu nyuma ya kanisa, ukifika uliza kwa Mama Fulani, kama hayupo mwachie muuza mkaa? Muda ungekwisha barua ikiwa bado inauliza njia. Shimo hana habari na barua. Hati yake unakabidhiwa palepale, kiunoni.

Wafini wamekaribia kumfikia, sikatai. Kwao faini inafuata kipato cha mkosaji. Mwaka 2023, katika visiwa vya Åland, tajiri Anders Wiklöf alikwenda kilomita 82 mahali pa 50, akatozwa euro 121,000 na kunyang'anywa leseni kwa siku 10. Magazeti ya dunia yalishangaa. Sisi tungeshangaa nini? Kwetu mwenye pikipiki ya Kichina analipa tairi, na mwenye Land Cruiser analipa kipande kimoja ambacho bei yake ingenunua pikipiki hiyo. Miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, jeep za riposti, za waliokuja kupambana na ugonjwa huo, zilipita hapa vioo vimepandishwa, nyingine na haraka tuliyoielewa, nyingine na haraka ambayo hadi leo tunaitafutia maelezo. Shimo alizihukumu zote kwa kifungu kimoja, hakuuliza nembo iliyobandikwa mlangoni.

Najua mtaniambia: tuna polisi wa rulaje. Tunao, na filimbi zao. Lakini rulaje husimamisha gari linalokwenda polepole, kwa sababu lile linalokwenda mbio halisimami. Ataomba permi, ataomba asiransi, ataomba cheti cha ukaguzi, atauliza kizimamoto, mpaka afike kwenye kinachokosekana. Na katika magari yetu hakikosi kukosekana. Kisha mazungumzo yanahamia nyuma ya gari.

"Shefu, tuelewane."

"Papa, mimi pia niko na watoto."

Shimo naye ana watoto, tena wengi, kila masika wanaongezeka, lakini ni nani aliyewahi kumsikia akiwataja mbele ya abiria?

Sheria ipo, msiseme haipo. Sheria ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, Mobutu akiwa bado na kofia yake ya chui, na inampa hakimu uwezo wa kumvua dereva haki ya kuendesha. Halafu Mei 2021 ukatangazwa utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana akawa jenerali, mameya wa Beni na Butembo wakawa maafisa wa polisi, na kesi za jinai zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Mahakama hizo zilikuwa na wauaji wa kutosha. Sijasikia kanali aliyeahirisha kesi ya mtu mwenye damu mikononi ili amsikilize shoferi wa taksi aliyepita Maboya kama risasi. Mwendo kasi ukabaki kwa Mheshimiwa peke yake, naye hakulalamika kwamba mafaili yamemzidi.

Kuna mahali sifa zangu zinakwama, na afadhali niseme. Kaskazini ya Beni kwenda Eringeti, na mashariki kwenda Kasindi, dereva hakimbii kwa kiburi. Anaukimbia msitu ulio kando yake, na wale waasi wa ADF walio ndani ya msitu, ambao wanajua kama yeye anavyojua ni wapi gari litalazimika kupunguza mwendo. Pale Shimo anamfanyia kazi adui. Magari yamechomwa moto kwenye njia hizo, watu wameuawa, hata wakiwa ndani ya msafara unaosindikizwa na askari. Hakimu asiyemtenganisha anayekimbia kwa ulevi na anayekimbia kwa kutaka kufika hai ana dosari, na si dosari ndogo. Tena kuna mama mwenye uchungu wa uzazi, amepakatwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, anawahishwa hospitali: naye anapewa hukumu ileile, na rufaa hakuna. Kila anayesifiwa ana jambo ambalo msifaji analifunika. La huyu wangu siwezi kulifunika. Liko katikati ya barabara.

Hata hivyo wamekwisha kuja kumstaafisha. Tarehe 16 Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, wakazindua ujenzi: kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na nyingine 89 kutoka Bunagana hadi Goma kwa njia ya Rutshuru. Kampuni ya Dott Services ya Uganda ikaleta mitambo yake. Mimi si adui wa lami. Kabichi za Lubero zina haki ya kufika sokoni zikiwa bado kabichi, na mama mwenye uchungu ana haki ya kuzalia kitandani.

Lakini angalieni palipokwisha kulainishwa. Watu waliokuwa wakienda kilomita 25 kwa saa hawakuwa na adabu, walikuwa na hofu tu. Siku ya kwanza ya lami wakagundua kwamba gari lao lina gia ya tano. Mbuzi wa kando ya njia, waliozoea kulisikia lori likihangaika kwa muda mrefu kabla ya kuliona, sasa hawapati nafasi ya kufikiri. Watoto wa shule walivuka miaka yote kwa kusubiri gari lizame, kisha kupita mbele yake wakimpungia shoferi mkono. Ni nani aliyewafundisha kukisia kitu kinachokuja kwa kilomita mia kwa saa? Hakimu ameondolewa, mahakama haijajengwa. Tanzania walipotandika lami yao waliwapa polisi tochi za kupima mwendo, na madereva wakajifunza kuwashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Ni mchezo wa paka na panya, sawa, ila angalau paka yupo. Kwetu teknolojia ni filimbi.

Ndiyo maana lami ikifika mahali, haupiti muda wananchi wanadai dodani, yaani matuta. Wasipopewa, wanajijengea wenyewe kwa udongo na mawe, kwa salongo, kazi ya pamoja, bila mhandisi na bila alama, kubwa kiasi cha kulipandisha gari na kulisahau juu. Mnaona jinsi damu isivyopotea? Dodani ni Shimo aliyezaliwa upya akitazama juu, na mwenye kumlaani huyu baada ya kumlaani yule inampasa aseme basi anataka kuhukumiwa na nani.

Ninachoomba kwa wahandisi, kabla hawajafunga mizigo, ni kidogo. Wamwachie Mheshimiwa vituo vichache, kwa cheo cha mstaafu anayeitwa kusaidia. Asiachwe popote penye msitu. Huko amekwisha kuharibu jina lake. Awekwe karibu na shule, pande zote mbili, na penye soko la kando ya njia siku ya soko. Na kituo kimoja cha lazima kiwe mita tano kabla ya barieri ya peaje, kila upande, ili anayelipa na anayepokea wawe na la kuzungumza. Kina chake kisizidi goti la mtu mzima. Upana uwe wa gari moja na nusu, pembeni pawekwe mawe makubwa, ili jeep ya mkubwa isipate pa kuchepukia.